Sindano ya kingamwili na virusi vya ziwa letu: niliyoyaongea Kirumba

Watu wameniomba niyaandike haya niliyoyaongea Kirumba, Mwanza, kwenye mkutano wa watu wanaoishi na VVU, kuhusu sindano mpya ya kingamwili za VVU, maana siku ile upepo wa ziwani ulikuwa unapiga spika na wa nyuma hawakusikia vizuri. Sikuwa na karatasi, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyaongea, na pale nilipokatizwa na maswali nimeyaacha humo humo.

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba, na wale wa nyumbani kabisa, mwadila. Mwenyekiti wa konga, baraza letu la watu wanaoishi na VVU, asante kwa kunikaribisha, mama zangu wa vikundi vya Ilemela na Nyamagana asanteni kwa kufika, na nyie vijana wa mwaloni mliosimama pale nje kama mnataka kukimbia, ingieni, viti vipo. Mi sio mtu wa majukwaa, miaka yangu yote ya kazi nimekaa maabara na mirija ya damu, mirija haiulizi maswali, nyie mnauliza, kwa hiyo mnisamehe nikiongea kama natoa majibu dirishani.

Nimeitwa niongelee ile habari inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba wazungu wamepata sindano ya kingamwili, mtu anachomwa, anaacha ARV, miezi inapita na virusi havionekani. Karibu watu wote humu mmeipata, wengine mmenitumia na ile voisi ya yule jamaa anayeongea kwa haraka kama anadaiwa, nimeisikiliza yote. Nianze na jibu kabisa ili mwenye boti ya kisiwani asichelewe: habari ina ukweli ndani yake, tena mkubwa tu, watu wameacha vidonge wakiwa wanaangaliwa na madaktari na wamekaa miezi virusi vikiwa chini. Ila haijafika CTC yoyote, yaani kliniki ya ARV, ya hapa kwetu, wala hakuna mtu aliyewahi kuipima kwa uhakika kwenye mchanganyiko wa virusi tulionao huku kanda ya ziwa, na hilo la pili ndo lililonitoa nyumbani leo. Nitalifikia.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila mtu hapa amekipitia, kipimo cha kidole. Unatobolewa, tone linawekwa kwenye kile kipimo, linafuata lile tone la dawa, mnakaa mnasubiri mistari na moyo unadunda. Wengi mnadhani kile kipimo kinatafuta kirusi. Hapana, kinachotafuta ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili wako umezitengeneza wenyewe baada ya kukutana na kirusi. Ndo maana mtu akiambukizwa juzi ukampima leo kipimo kinaweza kisiseme kitu, mwili bado unazitengeneza, anaambiwa arudi tena. Na ndo maana mtoto mchanga wa mama mwenye maambukizi hatumpimi kwa kipimo hicho, tunachukua tone la damu kisiginoni linakaushwa kwenye karatasi linaenda kupimwa kirusi chenyewe, kwa sababu kingamwili za mama zilishapita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto na zinaweza kukaa humo hadi miezi 18, sasa ukimpima kidole unampima mama yake.

Hapo mama mmoja wa Igombe akanyoosha mkono hata sijamaliza, akasema, sasa daktari, kama mimi hizo kingamwili ninazo tangu siku niliyopimwa, mbona sijapona?

Mama angu, kwanza mi sio daktari. Pili umeuliza swali ambalo limewatoa jasho maprofesa zaidi ya miaka 30.

Kirusi hiki kikijizalisha kinakosea kosea. Kila kikitoa nakala nakala inatoka na kasoro kidogo, na nyingi ya hizo kasoro zinakiumiza au hazina maana, ila chache zinakisaidia, maana mwili unakuwa umeshika sura ya kirusi cha mwezi uliopita na cha mwezi huu kimeshabadilika. Juu ya hapo ile protini yake ya nje, ile inayotumia kushika CD4, yaani chembe ya kinga kinayoishambulia, ili kiingie, imefunikwa na sukari, na hizo sukari zinatoka kwenye mwili wetu wenyewe, kwa hiyo kinga inapoziangalia inaona kitu cha nyumbani. Kwa hiyo kingamwili unazo mama, nyingi sana, ila zinashika sehemu zisizokiumiza kirusi, au zinashika kirusi ambacho hakipo tena. Zinatusaidia sisi maabara kujua kwamba umeambukizwa, kazi yake kubwa inaishia hapo.

Lakini, na hapa ndo utamu ulipo, kuna watu wachache ambao baada ya kuishi na kirusi miaka miwili mitatu au zaidi mwili wao unatengeneza kingamwili za aina nyingine, zinazoenda kushika zile sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuzibadilisha hovyo bila kujiumiza, kwa mfano lile tundu linaloingiana na CD4. Kingamwili ya namna hiyo inazuia aina nyingi sana za VVU, hata za watu wengine walioko nchi nyingine. Cha ajabu haimsaidii sana mwenyewe aliyeitengeneza, kwake kirusi kimeshaizoea na kimeshakimbia, ila ukiichukua ukampa mtu mwingine inafanya kazi. Mwaka 2010 wataalamu wa taasisi za afya za taifa kule Marekani walitangaza moja wakaiita VRC01, maabara ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya aina za virusi walizoijaribishia. Chuo cha Rockefeller pale New York, kwa profesa Michel Nussenzweig, wakatoa nyingine, 3BNC117 na 10-1074, majina yenyewe kama namba za usajili wa boti, mtayazoea. Na moja iliyo kali sana ilitoka kwa mwanamke wa KwaZulu-Natal Afrika Kusini aliyekuwa anafuatiliwa kwenye utafiti, inaitwa CAP256. Mwafrika huyo. Nalisema kwa sababu voisi ya yule jamaa inasema wazungu wamegundua wazungu wamegundua, sawa, maabara kubwa ni zao, lakini damu nyingine ilitoka kwa dada zetu.

Sasa kumpa mtu kingamwili iliyotengenezwa kwingine sio uchawi mpya. Mama mwenye kundi hasi la damu akijifungua mtoto wa kundi chanya anachomwa anti-D, hiyo ni kingamwili. Ukiumwa na mbwa mwenye kichaa ukapata jeraha baya unatakiwa upewe chanjo pamoja na kingamwili, dawa ya sumu ya nyoka ni kingamwili. Na huyo mtoto mchanga niliyemtaja alizaliwa nazo za mama yake. Tofauti ya hizi za VVU ni kwamba wanachukua chembe moja ya kinga ya yule mtu mmoja, wanasoma maelekezo yake, wanayapandikiza kwenye seli zinazokuzwa kiwandani, mara nyingi seli zilizotokana na kifuko cha mayai cha panya fulani wa Uchina, ndiyo, panya, msicheke, na zile seli zinaanza kumwaga kingamwili hiyo hiyo moja kwa wingi. Wanaisafisha, inawekwa kwenye chupa, unawekewa dripu au sindano chini ya ngozi.

Ikishaingia inafanya nini? Cha kwanza inakiziba kirusi kilichoko kwenye damu kisishike CD4. Kukizuia kirusi hata ARV zako zinafanya, kwa njia yake. Cha pili ndo kilichowafanya watafiti wasilale, kingamwili ina mkia, na ule mkia unaita chembe nyingine za kinga zije ziue seli iliyoambukizwa ambayo imeanza kutoa nje protini za kirusi. Kidonge hakina mkia. Kidonge kinazuia kirusi kisizaliane, hakigusi seli ambayo kirusi kimejichimbia humo kinalala, ndo maana ukiacha dawa hata baada ya miaka kumi ya kufubaa, yaani virusi kuwa vichache mno kwenye damu, kirusi kinaamka ndani ya wiki chache. Na cha tatu, kuna dalili kwamba baadhi ya watu waliopewa kingamwili hizi kinga yao ya chembe T ilipata nguvu zaidi dhidi ya kirusi, kana kwamba imefundishwa upya. Hili la tatu bado linachimbwa, ila ndo linaloeleza kwa nini watu wachache waliendelea vizuri hata baada ya kingamwili yenyewe kwisha mwilini.

Sasa matokeo. Nawapa mabaya kwanza.

Mwaka 2016 walianza utafiti mkubwa wa VRC01, huu ulikuwa wa kuzuia maambukizi, watu 4,623 ambao hawana VVU, mabara tofauti, na kwa huku Afrika walikuwa wanawake wa nchi saba, Tanzania ikiwemo, dada zetu wa Mbeya walishiriki. Dripu kila wiki 8. Majibu yalitoka 2021 na kwa ujumla haikuzuia. Mnakumbuka nimesema maabara ilizuia asilimia 90? Kwenye watu halisi ikaonekana ni kama asilimia 30 tu ya virusi vinavyozunguka ndo vilikuwa dhaifu vya kutosha mbele yake. Kwa hao 30 ilifanya kazi vizuri, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kwa waliobaki ilikuwa kama maji.

Vijana wa mwaloni hili mnalijua kuliko mimi. Ukiingia na wavu wa macho makubwa sangara unanasa, dagaa wanapita katikati wanakucheka, na ukirudia wavu ule ule kila siku ziwa litabaki na wanaopita tu. Ndicho kilichotokea kila walipotumia kingamwili moja peke yake kwa mtu mwenye virusi, wingi wa virusi unashuka, wiki chache mbele vile vinavyopita vimejaa. Kwa hiyo tangu hapo hakuna mtu makini anayetumia moja, ni mbili au tatu, kila moja inashika sehemu yake.

Na kwenye matibabu, kuanzia hapo mambo yakaanza kupendeza. 2018 hao wa Rockefeller walitoa matokeo ya 3BNC117 na 10-1074 kwa pamoja, watu waliacha ARV wakapewa dripu tatu ndani ya wiki 6, na wale 9 ambao virusi vyao vilikuwa havina usugu kwa zote mbili nusu yao walikaa wiki 21 au zaidi kabla virusi havijarudi, wapo waliozidi wiki 30. Wakaziboresha zikae mwilini muda mrefu, badala ya wiki kadhaa zikae miezi. 2025 utafiti wa RIO unaoongozwa kutoka Imperial College London, watu 68, ukaonesha kwamba wiki ya 20 baada ya kuacha vidonge robo tatu ya waliochomwa hizo kingamwili bado walikuwa wamekidhibiti kirusi, na wale waliochomwa maji matupu ni kama mmoja kati ya kumi. Hiyo ndo habari aliyoisikia yule jamaa wa voisi. Hakuwaambia kwamba wengi wao walikuwa wanaume wa Ulaya, na kwamba walichaguliwa wale walioanza dawa mapema sana baada ya kuambukizwa, ambao kirusi hakikupata muda wa kujichimbia sana. Mimi na wewe wangapi tuligundulika mwezi ule ule?

Afrika napo wapo. Botswana, utafiti unaoitwa Tatelo, watoto waliozaliwa na VVU wakaanzishiwa dawa mapema kabisa, 25 wakaachishwa vidonge wakabaki na kingamwili mbili tu, 11 walimaliza wiki 24 virusi vikiwa chini. Karibu nusu. Mama mwenye mtoto anayetema ile dawa kila siku asubuhi anajua wiki 24 bila kugombana na mtoto zina thamani gani. Na Durban, wanawake 20, kingamwili mbili mojawapo ya ile familia ya CAP256, pamoja na kidonge cha kuamsha kinga. Waliokaa bila ARV mpaka wiki ya 48 walikuwa 6, na 4 kati yao wakaendelea mbele. Aliyeongoza ni profesa Thumbi Ndung'u, Mkenya, alianza na udaktari wa mifugo pale Nairobi, naipenda sana hiyo, kwamba mtu wa ng'ombe ndo kawafikia wanawake ambao tafiti nyingi za namna hii huwaacha nje.

Baba mmoja hapo akasema 6 kati ya 20 ni wachache. Ni wachache mzee wangu. Kingine ni kwamba kwa hali ya kawaida ungetegemea iwe karibu na sifuri.

Kuna nyingine ambayo tayari ni dawa kabisa, ibalizumabu, Marekani waliiruhusu 2018. Hiyo haishiki kirusi, inashika CD4 yenyewe na kuziba mlango, dripu kila wiki mbili, na inatumika pamoja na dawa nyingine kwa watu ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa karibu kila kitu. Bei yake hata nisiitaje, tutakosa hamu ya chakula.

Sasa nifike kwenye langu. VVU sio kimoja dunia nzima, vina makundi, Ulaya na Marekani kundi kubwa ni B, kusini mwa Afrika ni C, wenzetu Uganda A na D. Sisi kanda ya ziwa tumekaa njia panda, tuna A, tuna C, tuna D, na tuna machotara ya hayo yote kwa sababu watu wanatoka Entebbe wanaenda Bukoba wanashuka Mwanza wanavuka Ukerewe wanaenda Musoma hadi Kisumu, na virusi vinapanda boti bila tiketi. Na kingamwili hizi zina upendeleo. Hiyo CAP256 ni kali kwa kundi C na kwa B ni dhaifu. Nyingine inakuwa kinyume. Kwa hiyo ukiniuliza kama mchanganyiko uliofanya vizuri London utafanya vizuri Kayenze, jibu la kweli ni kwamba lazima wachukue virusi vya Kayenze wavijaribishe, hakuna njia ya mkato. Na mtu mmoja mmoja naye lazima apimwe kabla, kujua virusi vyake vinasikia kingamwili ipi, na kwa mtu aliyefubaa virusi havipo kwenye damu vya kutosha, inabidi uvitafute ndani ya seli, kipimo kirefu, ghali, sio cha kufanyika kila kituo.

Nasema tudai hilo, sio tulalamike. Hili ziwa limeshalipa sana kwenye elimu ya ugonjwa huu. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa Tanzania walikuwa Kagera, 1983, wakati huo tunaita Juliana, na wazee mnakumbuka jinsi watu walivyozikwa. Hapa Mwanza kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za vijijini zilishiriki utafiti wa kutibu magonjwa ya ngono kwenye zahanati, maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa kama asilimia 40, dunia nzima ikausoma 1995. Kisesa wananchi walianza kufuatiliwa 1994, kaya kwa kaya. Wahudumu wa baa na mama lishe wa mji huu walishiriki utafiti wa jeli ya kuzuia VVU, majibu ya 2009 yakasema haikuzuia, na hilo nalo lilikuwa jibu, liliokoa fedha na muda wa wengine. Tuna taasisi ya utafiti ya taifa hapa hapa, tuna Bugando pale mlimani, tuna watoto wetu waliosoma. Sasa kama damu yetu ilitosha kufundisha dunia miaka yote hiyo, virusi vyetu navyo viwe kwenye orodha wanapochagua ni kingamwili zipi wazitengeneze kwa wingi, kabla hawajachagua. Wakishachagua kwa vipimo vya kundi B, sisi tutakuja kuletewa wavu ulioshonwa kwa samaki wa kwingine.

Kuna mambo mengine ya kawaida tu yanayochelewesha. Inatakiwa friji muda wote kuanzia kiwandani mpaka kisiwani Maisome, na mnajua umeme wa visiwani. Dripu inataka muuguzi na kitanda. Gharama ya kuzitengeneza iko juu mno ukilinganisha na kidonge. Na fedha, mmeona wenyewe 2025 Marekani waliposimamisha misaada jinsi watu walivyohaha. Lakini kwenye hili la usafirishaji kuna mwanga, wanajaribu kuchanganya zile kingamwili mbili za Rockefeller zilizoboreshwa na ile dawa ya VVU ya sindano, lenakapaviri, ambayo yenyewe sio kingamwili msichanganye, na matibabu yote yanakuwa mara mbili kwa mwaka. Matokeo ya 2025 yalionesha kwamba baada ya wiki 26 zaidi ya 9 kati ya 10 waliendelea kufubaa. Mara mbili kwa mwaka! Mvuvi anayehama kambi kufuata samaki, dada anayeficha kopo la dawa kwenye unga ili mume asilione, hao ndo nawafikiria. Ila hata hapo walichaguliwa watu ambao virusi vyao vilipimwa vikaonekana vinazisikia hizo kingamwili, tunarudi pale pale.

Na msiache vidonge. Najua mmechoka kuambiwa. Ile TLD, kidonge cha ARV tatu ndani ya kimoja, moja kwa siku, utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionesha kati ya watu 100 walio kwenye dawa zaidi ya 90 virusi vimefubaa, hakuna kingamwili iliyofika hapo ikiwa peke yake. Na ukifubaa haionekani, haiambukizi. Mwaka 2011 tuliona magari yanavyopanga foleni Samunge Loliondo kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, simsemi vibaya marehemu, lakini wapo walioweka dozi pembeni wakasema nimeshakunywa, na sisi wa maabara ndo tuliopokea damu zao baadaye. Sitaki hii sindano ambayo ni sayansi ya kweli ije ifanye kazi ile ile ya kikombe kwa sababu tu voisi imefika kabla ya dawa.

Nikakaa. Maswali yalikuwa mengi, nayaweka mawili.

Kijana wa dagaa aliuliza, akienda kambini giza lote, akirudi mbalamwezi, tarehe ya kliniki inampita, afanyeje wakati hizo sindano hazijaja. Nikamwambia mwanangu ukiwa umefubaa ongea na muuguzi wako upewe za miezi 6, zipo, na ukihama kisiwa kabisa chukua barua ya uhamisho usiende kuanza upya kama mgeni. Mwenzake pembeni akasema yeye huwa anazificha kwenye dumu la petroli tupu. Hapana. Chukua kopo lake lile lile, lifunge vizuri, liweke pakavu, mbali na injini.

Swali la pili la dada mmoja, hakutaka kutaja anapotoka. Siku wakija kutafuta watu wa kujitolea kwa utafiti wa namna hii hapa Mwanza, aingie? Nikasema hilo siwezi kukuamulia, ila usisaini kabla hujauliza. Uliza vairo lodi yangu, yaani wingi wa virusi kwenye damu, itapimwa kila baada ya siku ngapi nikishaacha vidonge. Uliza ikifika ngapi mnanirudisha kwenye dawa, na nani analipa nauli nikiitwa ghafla. Uliza itakuwaje nikipata au nikitaka ujauzito. Na uliza kuhusu mwenzako, hili watu wanalisahau, maana leo umefubaa humuambukizi, ila siku virusi vikianza kurudi wewe hutasikia homa wala nini na yeye yuko kitandani na wewe, kwa hiyo kabla hujaacha kidonge kimoja yeye awe ameshaelezwa na ameshapewa PrEP, dawa ya kumkinga asiambukizwe.

Akauliza, na kama mwenzangu hajui hali yangu? Nikamwambia basi dada bado hatujafika kwenye utafiti, twende tukae pale nje mi na wewe na kaunsela tuongee hilo kwanza. Tukatoka, mwenyekiti akaendelea na matangazo.